Milioni Saba Juu ya Paa la Mwenye Nyumba

Mwezi uliopita wengi wenu mlinijia juu kwa sababu ya ile mada ya michango ya harusi. Nimewasikia, na tumeyamaliza. Mwezi huu tunaongelea umeme. Najua unajiuliza umeme na mapenzi vinahusiana vipi. Subiri.

Kuna dada mmoja amenitumia ujumbe mrefu. Yeye ni mhasibu, mumewe ni ofisa mauzo, wana miaka mitatu ya ndoa na mtoto mmoja. Wamepanga nyumba ya vyumba vitatu kule Tabata. Mumewe amekutana na fundi wa sola, fundi kapanda juu ya paa, kapima, kashuka na makadirio: paneli, inveta, betri ya lithiamu na ufundi, jumla shilingi 6,800,000. Fundi kamwambia kwamba mfumo huo "unajilipa wenyewe". Shemeji ameshakubali moyoni na anataka kuchukua mkopo kwenye SACCOS ya kazini. Dada yeye anataka pesa ya namna hiyo iende kwenye kiwanja chao cha Chanika, ambacho mpaka leo kimeota mihogo ya jirani tu.

Sasa ni wiki mbili wanaongea kupitia kwa mtoto. "Mwambie baba chakula tayari." "Mwambie mama nimeshiba." Anauliza nani kati yao yuko sahihi.

Dada yangu, kabla sijakujibu naomba nikusimulie jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa, maana na mimi nimewahi kununuliwa umeme kwa mapenzi, na ulinigharimu.

KUKU WA MOROGORO

Mwaka 2023, kuanzia mwezi wa tisa hivi, mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mgao ulirudi nchi nzima. Sisi ambao tulikuwa Dar es Salaam mwaka 2006, wakati ukame ulipokausha mabwawa, tulijiona tumerudi shule: mishumaa, karabai, na kuulizana na jirani kama kwake umewaka.

Wakati huo nilikuwa na biashara yangu ya pembeni. Nilikuwa nanunua kuku wa kienyeji, nawachinja, nawahifadhi kwenye friza na kuwauzia wafanyakazi wenzangu ofisini. Biashara ndogo, ila ilikuwa inalipa ada ya mtoto bila kugusa mshahara. Ijumaa moja umeme ukakatika asubuhi. Tulikuwa tunaenda Morogoro kwenye harusi. Niliporudi Jumapili usiku nilifungua mlango, harufu ikanipokea kabla ya dada wa kazi. Kuku 24. Mtaji wa shilingi 360,000 umeoza.

Nililia, we acha tu. Baba watoto hakusema neno. Jumatano yake akaja na bajaji, ndani yake kuna jenereta ya petroli. Alitoa 850,000 kwenye akaunti yetu ya pamoja, pesa ambayo ilikuwa ya uzio wa kiwanja. Aliniambia, "Sitaki kukuona unalia tena kwa sababu ya umeme." Mwanamke gani atamgombeza mume kwa maneno kama hayo? Nilimkumbatia.

Basi tukaanza kunguruma. Kila umeme ukikatika, kamba inavutwa, taa zinawaka, friza linawaka, jirani anasonya. Mwezi wa kumi peke yake nilihifadhi risiti zote za sheli kwa sababu ya uhariri wangu wa kupenda kuweka karatasi. Siku moja Jumapili nikazijumlisha. Tulichoma lita 62, na mwezi ule lita ilikuwa imepita 3,200. Zaidi ya 200,000 kwa mwezi! LUKU yetu ya kawaida haikuwa inafika 70,000.

Hapo ndipo nilipochukua daftari na kalamu. Ile jenereta ilikuwa inakula karibu lita 0.8 kwa saa, hata kama tumewasha vitu vichache. Hizi jenereta ndogo ndivyo zilivyo, ukizipa mzigo mdogo zinakunywa vilevile. Sisi tulikuwa tunatumia kama wati 500: friza, friji, runinga, feni na taa. Kwa saa 77 za mwezi ule tulipata yuniti 39 hivi za umeme. Gawanya 200,000 kwa 39. Kila yuniti ilitugharimu zaidi ya 5,100. Yuniti hiyohiyo kwenye LUKU nilikuwa nainunua kwa kama 356, kodi na tozo zikiwa ndani. Yaani tulikuwa tunalipa mara 14!

Lakini hiyo siyo sehemu mbaya ya habari hii. Sehemu mbaya ni kuhusu wale kuku.

NILIYEZIMA SWICHI NI MIMI

Friza iliyojaa vizuri, mlango wake usipofunguliwa, inaweza kushika baridi kama saa 48 bila umeme. Ikiwa imejaa nusu, kama saa 24. Friji ya kawaida ndiyo yenye haraka, yenyewe ni kama saa 4 tu. Ina maana mgao wa saa 4 au 6 hauozeshi kuku kwenye friza. Sasa kuku wangu walioza kwa nini?

Waliozeshwa na mimi. Ile Ijumaa umeme ulipokatika, nilizima swichi ya ukutani ili umeme ukirudi kwa kishindo usiunguze friza. Wengi tunafanya hivyo na siyo vibaya. Tatizo ni kwamba tukafunga mlango tukaondoka kwenda harusini, na swichi ikabaki imezimwa. Dada wa kazi aliniambia umeme ulirudi Ijumaa ileile jioni. Niliiona swichi Jumapili usiku, nikaiwasha kimyakimya, halafu nikalia kuhusu mgao.

Kiukweli nilishindwa kusema. Na mume wangu akatoa 850,000 za uzio kununua dawa ya ugonjwa ambao haukuwepo. Jenereta isingeokoa hata kuku mmoja, maana hata ingekuwepo, sisi tulikuwa Morogoro.

Nilimwambia ile Jumapili, daftari likiwa mezani. Alinyamaza muda mrefu, halafu akacheka, halafu akakasirika, kwa mpangilio huo. Alichoniambia nimekikumbuka hadi leo: kwamba hasira yake siyo ya kuku wala ya uzio, ni kwamba miezi miwili alikuwa anavuta kamba usiku akijua ananisaidia.

Ndiyo maana nawaambia, hesabu ya umeme ndani ya nyumba ianze na swali moja: tunatibu nini? Mkiishajua hilo, tarakimu zitawapa jibu zenyewe.

PESA MBILI TOFAUTI

Sasa tuje kwa dada wa Tabata. Mafundi na wauzaji wanapenda neno "inajilipa". Lakini kuna vitu vya aina mbili, na kila kimoja kina hesabu yake.

Aina ya kwanza ni vitu vinavyopunguza matumizi: taa, friji, kiyoyozi, hita ya maji. Hivi vinajilipa kupitia LUKU. Kama umetoa 100,000 na kila mwezi unaokoa 10,000, baada ya miezi 10 pesa yako imerudi, kuanzia hapo unakula faida.

Aina ya pili ni umeme wa akiba: jenereta, inveta na betri. Hivi havipunguzi LUKU hata kidogo, wakati mwingine vinaiongeza. Hivi vinalipwa na giza. Kama kwako hakuna giza, havijilipi, basi. Utakuwa umenunua amani ya moyo, na amani ya moyo ni bidhaa halali, ila usiiite uwekezaji.

Sola yenye betri imekaa katikati, ina mguu huku na mguu kule, ndiyo maana inawachanganya watu.

ANZA NA VINAVYOPUNGUZA

Hesabu zangu nafanya kwa shilingi 360 kwa yuniti. Wewe chukua risiti yako ya tokeni, gawanya pesa kwa yuniti ulizopewa upate bei yako. Ukifanya hivyo usichanganye na kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inakatwa humohumo kwenye LUKU. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, kwa hiyo wewe mpangaji kaa naye mkubaliane aifidie kwenye kodi ya pango.

Angalia pia upo daraja gani. Mteja wa D1, yule wa matumizi madogo, yuniti 75 za kwanza za mwezi zinauzwa 100 tu kabla ya kodi na tozo, lakini ukivuka hapo kila yuniti inaruka kuwa 350. Kwa mtu wa D1 anayevuka kidogo, kuokoa zile yuniti za juu kuna faida kubwa. Kwa mtu wa D1 anayetumia yuniti 50, asidanganywe na yeyote. Umeme wake ni rahisi mno kiasi kwamba vifaa vya gharama vitachukua miaka mingi kurudisha pesa.

Haya, twende kitu kwa kitu.

Taa za nje. Hapa ndipo pesa inapovuja bila watu kujua. Nyumba nyingi za kupanga utakuta globu mbili za kizamani za wati 100, zinawaka kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi. Hizo mbili peke yake ni yuniti 72 kwa mwezi, karibu 26,000. Weka za LED za wati 12, zinashuka kuwa yuniti 9 hivi. Unaokoa kama 22,000 kila mwezi kwa globu mbili ambazo hazizidi 10,000. Zinajilipa ndani ya wiki mbili! Hakuna hisa wala kikoba kinachotoa faida ya namna hiyo.

Friji. Ile ya mtumba kutoka Ulaya tunayoipenda kwa sababu ni kubwa na "ya kizungu" inaweza kula yuniti 2 kwa siku, kama 21,600 kwa mwezi. Mpya ndogo yenye matumizi nafuu inaweza kula yuniti 0.7. Utaokoa kama 14,000 kwa mwezi. Ila kama mpya ni 750,000, itakuchukua miaka minne na nusu kurudisha. Kwa hiyo usikimbilie dukani. Kwanza bana noti kwenye mlango wa friji na uivute. Ikitoka kirahisi, mpira umechoka. Badilisha mpira, ondoa friji karibu na jiko, ipe nafasi ya kupumua nyuma. Hiyo ni kazi ya makumi ya maelfu, siyo malaki.

Kiyoyozi. Cha kawaida cha BTU 12,000 kikilala kimewaka saa 8 kinaweza kula yuniti 6 au 7, yaani kama 2,400 kwa usiku mmoja, 72,000 kwa mwezi. Cha teknolojia ya inveta kinaweza kukuokolea theluthi moja, kama 24,000. Kama kipya kimefungwa kwa 1,400,000 na cha zamani bado kizima, utasubiri karibu miaka mitano. Lakini kama cha zamani kimekufa na lazima ununue, hesabu inabadilika. Hapo unalinganisha tofauti ya bei tu. Kama cha inveta kimezidi kile cha kawaida kwa 300,000, tofauti hiyo inarudi kwa mwaka mmoja na kidogo. Hii kanuni ishike kwa kila kifaa: wakati mzuri wa kununua kinachobana matumizi ni siku cha zamani kinapokufa.

Hita ya bafuni. Mkiwa wawili, kila mtu akioga dakika 10 na hita ya kilowati 4.5, ni yuniti 1.5 kwa siku, zaidi ya 16,000 kwa mwezi. Kwa wakazi wa Njombe, Mbeya au Arusha sina neno, kule baridi siyo mchezo, na ukiwa na familia kubwa kwenye nyumba yako mwenyewe tanki la maji la sola linastahili kupigiwa hesabu. Lakini kwa Dar, jamani, mwezi wa pili unaogea maji moto ya nini?

HESABU YA JIONI ZA GIZA

Baada ya ile Jumapili ya daftari, mimi na baba watoto tulijiuliza swali letu: umeme ukikatika, tunahitaji nini hasa? Tukaandika orodha. Friza haimo, kwa sababu tuliishajua linajitunza lenyewe. Nililijaza chupa za maji zinazoganda ili lisibaki wazi, na tukaweka sheria kwamba mlango haufunguliwi mpaka umeme urudi. Zilizobaki ni taa sita za LED, feni moja, runinga, kompyuta mpakato na kifaa cha intaneti. Jumla wati 240. Kwa saa 4, kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 4 usiku watoto wanapokuwa wameshalala, haifiki hata yuniti 1.

Yuniti moja! Kwa ajili ya hiyo tulikuwa tunachoma zaidi ya lita 3 za petroli.

Hitaji dogo namna hiyo linabebwa na betri moja ya lithiamu ya volti 12 na ampea 100 kwa saa, pamoja na inveta ndogo. Tulilipa 1,350,000 pamoja na fundi. Betri za maji au jeli ni rahisi zaidi kununua, lakini hizo haifai kuzimaliza zaidi ya nusu ya chaji yake, na kwa joto letu wengi huzibadilisha baada ya miaka mitatu, minne. Zidisha kabla hujashangilia bei.

Sasa tazama jinsi inavyojilipa. Jioni moja ya jenereta kwa petroli ya 3,000 ilikuwa 9,600. Jioni moja ya betri, gharama ya kuichaji tena kwa LUKU haifiki 500. Tofauti ni kama 9,100. Gawanya 1,350,000 kwa 9,100 unapata 148. Kwa hiyo kama mtu angekuwa anatumia jenereta, ile betri inajilipa baada ya jioni 148 za giza.

Mwaka 2023 sisi tulikuwa na jioni 20 za giza kwa mwezi. Kwa mwendo ule ingejilipa kwa miezi saba na nusu. Lakini mwezi wa pili 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ukaingia kwenye gridi, na wenzake wakafuata. Bwawa lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Mgao ukapungua. Umeme bado unakatika, nguzo inaanguka, transfoma inaungua, mvua inanyesha, lakini kwetu ni kama jioni mbili kwa mwezi. Kwa jioni mbili, zile 148 zinakuwa miaka sita.

Umeona? Kifaa kilekile, bei ileile, nyumba ileile. Miezi saba au miaka sita, kinachotofautisha ni idadi ya jioni za giza. Na hakuna fundi anayeijua idadi hiyo kuliko kalenda yako ya ukutani. Kwa hiyo kabla hamjalipa hata shilingi, wekeni kalenda jikoni. Kila umeme ukikatika andikeni saa ulipokatika na saa uliporudi. Miezi miwili inatosha. Mgao una tabia ya kutufanya tununue kwa hasira, halafu bei za jenereta na betri nazo zinapanda kwa sababu wote tuna hasira kwa pamoja.

Nisieleweke vibaya. Kama una saluni, unashona nguo, unafanya kazi za kompyuta nyumbani au unahifadhi dawa za kisukari za mama mkwe, giza lako lina bei nyingine. Fundi cherehani anayepoteza 25,000 kwa jioni hana haja ya kulinganisha na petroli. Yeye agawanye gharama ya betri kwa hiyo 25,000, na jioni 54 zinatosha. Insulini ya mgonjwa haigawanywi kwa kitu chochote, inawekewa akiba na mjadala unafungwa.

SASA ILE MILIONI SABA

Dada yangu wa Tabata, umeniambia LUKU yenu ni 60,000 kwa mwezi, yaani yuniti 167 hivi. Tuseme sola ikifanya kazi vizuri inawaondolea theluthi mbili, 40,000. Kwa mwaka ni 480,000. Gawanya 6,800,000 kwa hiyo: miaka 14. Paneli nzuri inaweza kufanya kazi miaka 25, hilo halina ubishi. Lakini betri na inveta zitaomba kubadilishwa kabla ya miaka 14 kuisha, kwa hiyo hesabu inasogea mbele zaidi.

Halafu kuna mkopo. Kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka inayopungua kadri deni linavyopungua, kwa miaka mitatu, marejesho ni karibu 226,000 kila mwezi, na mwisho wa safari mtakuwa mmelipa zaidi ya milioni 8.1. Mnakatwa 226,000 ili muokoe 40,000. Shemeji, na hilo ni SACCOS. Ukienda kwa wale wa kausha damu ndiyo usiniambie kabisa.

Jambo lingine, jua linawaka mchana, na nyinyi mchana mpo kazini. Kilowati moja ya paneli kwa Dar inaweza kutoa kama yuniti 4 kwa siku. Lakini saa sita mchana nyumbani kwenu kuna friji na dada wa kazi anayeangalia tamthilia. Umeme mwingi wa jua lazima upite kwenye betri kwanza, na betri ndiyo yenye gharama. Sola inamlipa haraka mtu ambaye matumizi yake makubwa yapo mchana, kama mwenye saluni au mashine ya kusaga.

Na la mwisho, ambalo hakuna fundi atakayewaambia: paa ni la mwenye nyumba. Siku akisema kijana wake anaoa na anataka nyumba yake, mtapanda kung'oa paneli na kuziba matundu ya bati. Kwenye nyumba ya kupanga, nunueni vitu vinavyoingia kwenye Kirikuu siku ya kuhama: globu, friji, inveta na betri. Waya za ukutani na paneli za paani ziwekeni pale ambapo hati ina majina yenu. Kama lazima, andikeni na mwenye nyumba kwenye karatasi nani anamiliki nini na mnaondoka nacho vipi.

Kwa hiyo kwa tarakimu, dada, umeshinda. Usikimbie kumuonyesha mumeo ukurasa huu bado.

MUULIZE ANATIBU NINI

Kabla hujamuonyesha hesabu, muulize swali lile ambalo mimi na wangu tulichelewa kuulizana. Kwa nini anaitaka hiyo sola? Labda anaogopa mtoto kulala kwenye joto. Labda kuna usiku alirudi akakukuta gizani peke yako na hakupenda alivyojisikia. Labda jirani ana taa na yeye hana, wanaume pia wana mambo yao. Kila jibu lina dawa yake, na dawa nyingi kati ya hizo hazifiki milioni mbili. Feni ya kuchaji kwa ajili ya mtoto siyo 6,800,000.

Halafu na wewe jiulize. Unapinga sola kwa sababu ya hesabu, au kwa sababu kila mwezi unaona kiwanja cha Chanika hakisogei na umechoka kumwambia? Kama ni hilo la pili, mwambie hilo la pili.

Nikupe na pendekezo. Mwezi huu badilisheni taa zote na mpira wa friji. Zile elfu ishirini na kitu mtakazookoa msizile, zitieni kwenye kibubu. Wekeni kalenda jikoni. Baada ya miezi miwili kaeni na kalenda, mhesabu jioni zenu za giza. Zikiwa nyingi, nunueni betri moja ya kutosha orodha yenu, taslimu, bila mkopo. Zikiwa chache, wekeni tofali Chanika. Na siku mtakapoezeka nyumba yenu, mwambieni fundi aelekeze paa mahali jua linapopiga, apitishe bomba za nyaya mapema. Siku hiyo ndoto ya shemeji itakuwa na mahali pake.

Mkiamua jenereta, basi tafadhali isikae ndani, wala kwenye korido, wala chini ya dirisha la chumba. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Wala msichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake, umeme unarudi kwenye nguzo na kumkuta fundi aliyepo juu. Mwiteni fundi afunge swichi ya kubadilishia.

Yetu tuliiuza mwaka jana kwa mwenye saluni mtaa wa pili, 400,000. Hasara ukitoa kwenye 850,000 unaiona mwenyewe, na sijaweka petroli. Ile 400,000 ilienda moja kwa moja kwenye uzio, umefika nusu. Biashara ya kuku bado ipo. Juu ya swichi ya friza baba watoto amebandika karatasi kwa mkono wake, imeandikwa: USIZIME, TWENDE HARUSINI. Kila mgeni anauliza maana yake, na kila siku anaacha mimi ndiyo nijibu.

Tukutane mwezi ujao, tutaongelea mkwe anayekuja kwa wiki moja na kukaa miezi mitatu. Mpaka hapo, pendaneni, na zimeni taa za nje asubuhi.